Kifungua Mlango cha Mto Mkomba

Harufu ya makumbi yaliyoiva haielezeki kwa mtu ambaye hajawahi kuisikia, na aliyewahi kuisikia haombi aelezwe tena. Ni maganda ya nazi tu, yale ya nje yenye nyuzi, ambayo wanawake wa kwetu huyafukia kwenye matope ya mdomo wa mto, mahali maji ya chumvi yanapojaa na kupwa, wakayaacha humo miezi na miezi mpaka yalainike. Siku yakifukuliwa, mtaa mzima hushika pua, na mgeni huuliza kwa upole kama kuna mnyama aliyekufa jirani. Mimi sishiki pua. Juzi nilikuwa napita Kivuleni, upepo ukanipiga nayo usoni, nikasimama katikati ya njia nacheka peke yangu mpaka kijana wa bajaji akapiga honi na kuniuliza, "Dada, mzima kweli?" Mzima, mdogo wangu, tena mzima sana. Nilikuwa nimerudi kwenye ule msimu ambao mama yangu mdogo, Zuhura, nusura akose mume kwa ajili ya mto.

Kivuleni ni mtaa wa pembezoni mwa Tanga, umekaa ukingoni mwa mto tunaouita Mkomba. Mto wenyewe si wa kumtisha mtu. Maji yakipwa unauvuka kwa kukunja nguo magotini, na siku zile kulikuwa na daraja la mbao la kupita watu na baiskeli, lenye ubao mmoja uliolegea ambao sisi watoto tuliujua na wageni hawakuujua. Mama yangu alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam, anarudi sikukuu hadi sikukuu, kwa hiyo nililelewa na bibi. Nasema bibi kwa heshima tu, maana aliyenikogesha, aliyenisuka nywele na kunificha nyuma ya mlango nikivunja vyombo alikuwa mama mdogo Zuhura. Alichokipenda Zuhura nilikipenda, na mwaka ule alimpenda Shabani, kijana wa kutoka Kwamdimu, juu huko njia ya Muheza, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa machungwa. Mimi nilishaahidiwa gauni la njano na sinia la kubeba siku ya harusi. Nilikuwa nalilala na kuliamkia gauni hilo kabla hata halijashonwa.

Sasa bibi. Jina lake Bi Mwanakombo, mfupi, mkavu, sauti yake inavuka mto bila kupita darajani. Akikutania unacheka kwanza, maumivu unayasikia ukishafika kwako. Yeye na wenzake walikuwa na mashimo yao ya makumbi pale chini ya daraja, kila shimo na kigingi chake, kila kigingi na kitambaa cha kanga iliyochakaa ili mtu asichukue cha mwenziwe. Makumbi yakiiva waliyaponda kwa rungu juu ya gogo, wakatoa zile nyuzi tunazoziita usumba, wakazisokota viganjani mpaka zikawa kamba, na kamba wakazipeleka kwenye maduka ya Usagara. Nyumba yetu ilisimama juu ya kamba hizo, na mimi nilisoma juu ya kamba hizo. Niliujua usumba kabla sijaijua kalamu.

Shida ilikuwa taka. Kila mvua ikinyesha bara, mto ulituletea vitu: mifuko ya rambo, viatu visivyo na wenzake, na kila msimu wa machungwa yakashuka machungwa yaliyooza kwa maelfu, pamoja na viroba vilivyochanika vyenye alama ya nyota nyekundu iliyopakwa kwa rangi. Vyote vikaja kulala juu ya mashimo. Matope yakafunikwa, maji hayaingii wala kutoka, na makumbi badala ya kulainika yakawa yanaoza bure. Wanawake hawakukaa kulia. Jirani yetu Mama Neema, Mlutheri ambaye wazazi wake waliteremka milimani kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, alituletea neno la kwao, msaragambo, yaani wote tunatoka, hakuna anayelipwa, na asiyetoka atachekwa. Basi kila Jumapili, yeye akitoka kanisani na sisi tukishamaliza kazi za nyumbani, tulishuka mtoni na mapakacha. Tuliimba, tulizoa, tulipanda tukanuka, na Jumapili iliyofuata taka zilikuwa palepale, utadhani hatujafika. Siku moja bibi alisimama katikati ya mto, ameshika kiroba chenye nyota nyekundu, akasema, "Huyu mwenye nyota nitamjua tu." Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Siku ya posa, watu wa Shabani walikuja na lori. Loo, siisahau siku ile! Lilikuwa lori la kijani, limeoshwa likang'aa, likasimama ng'ambo ya daraja, wakateremka washenga na kanzu zao na kina mama na baibui zao, na mimi nikaruka juu kwa furaha mpaka kandambili ikanivuka. Ubavuni mwa lori, kubwa kama sinia, kulikuwa na nyota nyekundu. Nilimtazama bibi. Bibi alikuwa anaitazama nyota. Nilijua hapo hapo kwamba kuna jambo, lakini bibi alitabasamu, akawakaribisha, akawapa kahawa na halua. Mahari ni haki ya Zuhura, aliyataja mwenyewe kupitia kwa wajomba, yakakubaliwa. Vikafuata vile vijambo vya desturi, kila mmoja na chake, mpaka wakafika kwenye kifungua mlango. Kwa wasioijua desturi yetu: bwana harusi akija kumchukua mkewe, wanawake wa nyumbani huziba mlango kwa kanga na miili yao, wanaimba, wanamtania, hapiti mtu mpaka atoe kitu. Kwetu mwenye mlango ni bibi. Mshenga akamgeukia kwa adabu, "Na wewe, mama, mlango wako unafunguliwa kwa nini?"

Bibi akajibu kwamba hataki fedha. Akasema mlango wake uko darajani, na unafunguliwa Jumapili kabla ya harusi. Waje watu wa Kwamdimu na lori lao, waingie mtoni pamoja na sisi, wautoe uchafu wote uliolala pale, wakautupe panapostahili, na kuanzia siku hiyo chungwa lililooza lisiuone tena mto. Ndipo mlango utafunguka. Baba yake Shabani, Mzee Hoza, mtu mkubwa wa mwili, mwenye saa ya dhahabu, aliweka kikombe chini taratibu. Akasema amekuja kuoza mwana, hakuja kuomba kazi ya kuzoa taka. Kisha akaondoka na watu wake, na lori lilipogeuka lilituachia vumbi.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Zuhura alijifungia chumbani, chakula nilichompelekea nilikirudisha vilevile. Aliniambia, "Bibi yako ananiozesha kwa mto." Nikaenda kumwambia bibi, maana mimi nilikuwa mtoto wa kufikisha maneno. Bibi alikuwa anasokota kamba, hakuinua macho. Alisema anampenda Zuhura kuliko macho yake, na kwa sababu hiyo hawezi kumpeleka kwa watu wanaotupa uchafu wao kwenye sahani yake halafu waitwe wakwe. Kamba ikamkatikia viganjani. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu sikuwahi kuona kamba ikimkatikia. Mtaani nako waligawanyika: wengine wakasema Bi Mwanakombo amevuka mpaka, atamwozesha binti kwa kamba, wengine wakasema shikilia hapo hapo, bi mkubwa, usilegeze. Kwamdimu kimya. Simu ya Shabani haipatikani. Gauni langu la njano lilikuwa kwa fundi kule Chumbageni, limekatwa, halijaunganishwa, kwa sababu fundi naye alikuwa anasikilizia.

Jumapili ikafika. Asubuhi bibi alivaa kanga zake mbili mpya, akaziunganisha kanga nyingine kwa mafundo mpaka zikawa ndefu, akatuongoza darajani, na wanawake wakaizungusha ile kamba ya kanga kutoka nguzo hadi nguzo kana kwamba wageni wamekwishafika. Hakukuwa na mtu ng'ambo. Tulisimama. Jua likapanda. Mama Neema akatokea kanisani bado amevaa sare ya kwaya, akajipanga kwenye mstari bila kuuliza. Mimi nilipanda juu ya nguzo ya daraja, na kwa kuwa nilikuwa juu, mimi ndiye niliyeona kwanza: vumbi. Halafu nikasikia ngoma. Halafu nikaona kijani. "Lori! Lori! Wanakuja!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza, nikashuka kwenye nguzo nikachubuka goti na sikusikia maumivu. Lilikuwa limejaa wanawake wa Kwamdimu, shangazi zake Shabani wote, wamevaa kanga za sare, wameshika majembe na matenga, wanaimba nyimbo za kututukana. Wallahi walitutukana vizuri! Walisema watu wa pwani wanajua kulala tu, mto wao wamewaachia wageni wauoshe. Kumbe wiki nzima shangazi hao walikuwa wakimwambia Mzee Hoza kwamba wao hawawezi kushindwa na kibibi kimoja cha Kivuleni. Sisi nasi tukajibu, vigelegele vikapanda pande zote mbili za mto, na mimi nikacheza peke yangu pale darajani kama mwehu. Shabani akaruka chini wa kwanza, akaja mpaka kwenye kanga, akapiga goti, "Shikamoo bibi." Bibi akamwitikia, akainua kanga, akampa pakacha.

Mzee Hoza peke yake hakushuka. Alikaa ndani ya lori, kioo kimepandishwa, jasho linamtoka. Alikuja, alisema, kulinda lori lake.

Sijawahi kuona kazi kama ile, na sijaiona tena. Kwamdimu walichukua upande wa ng'ambo, Kivuleni upande wetu, na hakuna aliyetangaza mashindano lakini kila mtu alikuwa anashindana. Viroba vilitoka matopeni vikivutwa na watu kadhaa, vikitoa mlio wa kunyonya, halafu vikichomoka kwa ghafla na wavutaji wakaanguka chali. Zuhura, ambaye kama mwari hakutakiwa kuonekana siku zile, alichungulia kwenye dirisha la jirani mpaka nusu ya mwili ikawa nje. Maji yalikuwa yamepwa, yanatarajiwa kurudi alasiri, na kila mtu akawa anaharakisha kabla hayajarudi. Shangazi wa Kwamdimu walikuwa na nguvu za ajabu. Walipomaliza upande wao walivuka wakaingia wetu, wakapita chini ya daraja wakisafisha kila kitu, na sisi tulikuwa mbali kidogo kwenye kona, tunawashangilia.

Nilitumwa lorini kupeleka pakacha. Lori lilikuwa limejaa, dereva anafunga turubai, tayari kuondoka kwenda dampo. Nikapita nyuma yake, na pua yangu ikaniambia kabla ya macho. Si machungwa. Si takataka. Nikapanda gurudumu nikachungulia. Makumbi! Makumbi yetu yote, meusi, yanachuruzika matope, na juu yake vigingi vyetu na vitambaa vyake. Shangazi wa watu walikuta vitu vinanuka chini ya matope, wakaona huu ndio uchafu wenyewe, wakaufukua mpaka wa mwisho. Kwao makumbi ni kuni za kukoleza moto, nani aliyewahi kuwaambia kwamba kuna watu wanayafukia kwa makusudi? Sisi hatukuwaambia, maana kwetu hata mtoto anajua. Nilikimbia nikijikwaa, nalia, nacheka, sijui, "Bibi, makumbi yanaenda dampo!"

Hapo pakawa hapatoshi. Wanawake wa kwetu walishika vichwa. Mmoja alimwambia shangazi mkubwa wa Kwamdimu kuwa ni mharibifu, yule akajibu kwamba wameitwa kuzoa uvundo na uvundo wameuzoa, sasa kosa lao nini, na kama hii ndiyo shukrani basi harusi haipo. Neno hilo lilipotoka tu, Shabani akakaa chini palepale kwenye matope. Mimi nikamtazama Zuhura dirishani. Alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Nikaona kila kitu kimekwisha, gauni, sinia, Zuhura wangu, kwa sababu ya makumbi.

Bibi alivuka daraja peke yake, akaenda mpaka kwenye mlango wa lori. Akachukua kumbi moja lililokwisha kuiva, akalipiga kwenye bampa, akalivuta nyuzi, akaanza kuzisokota viganjani palepale, huku Mzee Hoza anamtazama kupitia kioo. Kikatoka kipande cha kamba cha urefu wa mkono. Bibi akakiweka kando ya ile kamba iliyofunga turubai la lori. Zilikuwa kamba moja. Kioo kikateremka.

"Hizi nanunua Usagara," Mzee Hoza akasema.

"Na wa Usagara anazitoa wapi?"

Mzee Hoza alizitazama zile kamba zake, za turubai, za matenga, kamba alizofungia machungwa maisha yake yote. Akatazama mtoni. Kisha mlango ukafunguka, akashuka. Akavua saa ya dhahabu akamkabidhi dereva. "Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Maji yanarudi."

Basi tena! Alipaza sauti ambayo hatukujua anayo, akaamuru lori lirudi nyuma mpaka ukingoni, akakunja kanzu kiunoni, akaingia matopeni na tumbo lake lote, na watu wakamfuata. Maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu na yanapanda. Vigingi vilikuwa vimechanganyika, hakuna aliyejua tena kumbi lipi la nani, kwa hiyo bibi alisimama kwenye mlango wa nyuma wa lori, akalinusa kila fungu, akalibonyeza, na kusema hili changa, hili la kati, hili limekaribia, na kila fungu likashuka kwa mikono hadi kwenye shimo lake jipya, la wote. Mama Neema akaanzisha wimbo wa kwaya, shangazi wakaudakia bila kuyajua maneno. Mzee Hoza alikanyaga ule upande laini tusiomwambia, akazama mpaka kiunoni, wakamvuta shangazi na wanawake wa Kivuleni pamoja, na alipochomoka kwa ule mlio wa kunyonya kila mtu akaanguka, yeye wa kwanza kucheka. Nilicheka mpaka nikapata kwikwi. Maji yalipofika magotini fungu la mwisho lilikuwa limefunikwa. Bibi akapanda darajani, akazifungua zile kanga fundo kwa fundo, akasema kwa ile sauti yake, "Mlango uko wazi." Vigelegele vile nadhani vilisikika Muheza.

Harusi ilifanyika Jumamosi iliyofuata. Gauni lilikuwa la njano, lilinibana kwapani, nikabeba sinia bila kumwaga kitu. Wageni waliokaa karibu na watu wa bwana harusi walisema kwamba chini ya udi na asumini palikuwa na kijiharufu fulani.

Bibi hayupo tena, na sidanganyi, kila nikifika darajani namtafuta. Daraja sasa ni la zege. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku, tukashangilia, halafu zikaja chupa za maji na pampasi. Mara nyingine huja watu wenye fulana mpya, wanapiga picha ukingoni, wanaondoka fulana zikiwa bado safi. Wanaosokota kamba wamepungua, kwa kuwa madukani kuna kamba za plastiki za kila rangi. Lakini shimo la wote lipo, na chungwa lililooza kutoka Kwamdimu sijaliona tangu siku ile, na kila anayeoa Kivuleni hufungua mlango mtoni. Mume wangu alifungua wake. Ni mtu wa ofisini, aliingia na viatu viwili akatoka na kimoja, na nilimpenda zaidi kwa kile kilichobaki matopeni.

Mwaka huu anaolewa Hawa, binti wa kwanza wa Zuhura na Shabani. Kijana ni wa Dar es Salaam, mpole, ana kazi nzuri. Wiki iliyopita tulikuwa tumekaa barazani kwa Zuhura, kijana akapiga simu, Hawa akaiweka kwenye spika. Baada ya shikamoo zote, kijana akauliza kwa adabu kama ule mlango wa mtoni anaweza kuulipia fedha kwa simu, halafu watafutwe vibarua. Hawa akatutazama akiwa ameuma mdomo. Zuhura akanitazama mimi. Kabla hatujafungua vinywa, mkono ukanyooshwa kutoka kwenye kiti cha pembeni, mkono wa mzee asiyeona vizuri siku hizi, ambaye tulidhani amelala. Mzee Hoza akaichukua simu, akaisogeza mdomoni.

"Wewe kijana," akasema, "njoo na miguu yako. Na ukifika, usiguse makumbi."